Tuna Daftari la Matanga, Hatuna Daftari la Mgonjwa

Kila tarehe 15 Februari dunia huadhimisha siku ya watoto wenye saratani. Mwaka 2025 tarehe hiyo iliangukia Jumamosi, na Bukavu, mashariki mwa Kongo, haikuwa na nafasi ya kuadhimisha chochote. Jeshi la serikali lilikuwa linaondoka, waasi wa M23 walikuwa wameshafika pembezoni mwa mji wakitokea Kavumu, na katika pengo hilo watu wakavunja maghala. Ghala la Mpango wa Chakula Duniani peke yake liliporwa karibu tani 7,000 za chakula. Jumapili mji ukawa na watawala wengine. Benki zikafunga milango, ndege za abiria zikaacha kutua Kavumu, na mwenye mshahara akaanza kuuliza ataupatia wapi.

Mtoto aliye katikati ya matibabu ya saratani hana habari na hayo. Dawa zake zina kalenda. Sindano ya juma la tatu huwekwa juma la tatu. Ikikosekana, uvimbe uliokuwa umesinyaa huanza kurudi, na mara nyingine hurudi ukiwa umeshaizoea dawa. Sisi wengine vita vikija tunaahirisha: harusi inasogezwa, nyumba inangoja bati, hata shule ilifungwa ikafunguliwa. Familia yenye mtoto wa aina hii haina cha kuahirisha. Ndiyo sababu nimeamua kuiandikia, katika mji ambamo kila mlango una shida yake ya kusimulia.

Familia hizo tumezoea kuzisifu. Mama wa Kivu ni chuma, tunasema. Amepita vita, amepita kolera, hili nalo atalipita. Sifa hiyo mimi siipendi. Mtu akishasifiwa uvumilivu, hakuna tena anayemwuliza kama ana nauli ya kurudi hospitali. Ann Masten, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kwa miaka mingi watoto waliokulia katika taabu, aliandika mwaka 2001 kwamba nyuma ya wale waliosimama tena hakukuta kipaji cha ajabu. Alikuta mambo ya kawaida: mtu mzima wa kumtegemea, jamaa wanaosikilizana, shule, dini, jirani. Nguvu za mama wodini ni hivyo hivyo. Zinatengenezwa na watu walioko nje ya wodi, kwa vitu vya bei ndogo, lakini kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea kusaidiana. Hapo kwenye muda ndipo tunaposhindwa.

Wengi bado wanaamini saratani ni ugonjwa wa wazee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 wa chini ya miaka 20 huipata kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 walau asilimia 60 ya watoto hao duniani wawe wanapona, na likataja aina sita za kuanza nazo kwa kuwa zinatibika. Nne kati ya hizo mama yeyote wa Kadutu anaweza kuzitilia shaka kabla ya daktari. Saratani ya damu, mtoto anapauka, anapata homa zisizoisha na kutoka damu ya fizi. Ya jicho, mboni inang'aa nyeupe kwenye picha ya simu. Ya figo, mama anaogesha mtoto kwenye beseni na mkono wake unakutana na kitu kigumu ubavuni. Ya nne ni ile ya taya: shavu linavimba, meno yanalegea, na katika juma moja sura ya mtoto inakuwa nyingine.

Hiyo ya taya ni ya kwetu kabisa. Mpasuaji Denis Burkitt aliieleza akiwa Mulago, Kampala, mwaka 1958, na mwaka 1961 akapanda gari na wenzake wawili kuzunguka Afrika Mashariki na Kusini akiuliza hospitali hadi hospitali ni wapi inaonekana na wapi haionekani. Akagundua kwamba inafuata joto na mvua, mahali pa malaria, na kwamba kwenye milima ya baridi inapotea. Mkaaji wa Kivu Kusini anaielewa ramani hiyo bila kuchorewa: vilima vya Kabare upande mmoja, bonde la Ruzizi, Fizi na misitu ya Shabunda upande mwingine. Ndiyo saratani inayokua haraka kupita karibu zote, na ndiyo inayoyeyuka haraka mbele ya dawa. Kule Blantyre, Malawi, madaktari walitumia mpango wa siku 28 wenye dawa chache za bei ndogo, na karibu nusu ya watoto wakapona. Nataja hayo kwa sababu kila mkutano wa familia huwa na mtu mmoja anayesema saratani haina dawa, na mara nyingi ndiye mwenye fedha.

Kabla ya hospitali kuna karuho, sumu inayodhaniwa kulishwa mtu na mwenzake. Msomaji wa Bukavu sihitaji kumweleza: mtoto akikonda na tumbo likivimba, mtu wa kwanza kufikiriwa ni jirani aliyempa chakula. Basi anapelekwa kutapishwa, kisha anapelekwa kwenye chumba cha maombi, na mbuzi wa kwanza anauzwa hapo. Sina nia ya kuwacheka watu hao. Mganga wa karuho anafanya jambo ambalo vituo vyetu vya afya vimesahau: anaketi, anasikiliza kisa chote, na anatoa jibu lenye mwanzo na mwisho. Hospitali ikimpokea mama yuleyule kwa Kifaransa cha haraka na karatasi ya vipimo sita, usishangae akitoroka. Siku ya kwanza mzazi anahitaji kuambiwa mambo machache kwa Kiswahili au Mashi: jina la ugonjwa, kwamba si uchawi wala si wa kuambukiza, matibabu yatachukua miezi mingapi, yatagharimu nini, na kwamba nywele zitanyonyoka kisha zitaota tena. Bila hilo la nywele, nyanya akimwona mjukuu na upara atajua kwamba hospitali ndiyo inayomwua.

Mwanzoni mambo huenda vizuri. Juma la kwanza kitanda kimezungukwa. Mashangazi wanaleta uji wa sosoma na sambaza wa kukaanga, mchungaji anaombea, vijana wa kartie wanapiga picha na mgonjwa. Dawa inaingia, uvimbe unashuka, mtoto anaanza kuomba bugali. Kila mtu anashangilia, na shangwe hiyo ndiyo hatari yenyewe. Uvimbe ukishapotea machoni, jamaa wanahesabu kwamba kazi imekwisha, na hapo imebaki nusu. Kwa saratani ya damu imebaki miaka miwili au zaidi.

Mazungumzo ya mwezi wa nne wa matibabu yanafanana kila nyumba. Mama mkwe amepanda kutoka Nyangezi kuja kuangalia mjukuu.

"Mke wetu, mtoto si ameshapona? Tazama tumbo lilivyorudi."

"Mama, dokta amesema bado."

"Dokta halali na watoto wako wanne. Mdogo ameacha kunyonya, mkubwa amefukuzwa shule, shamba limeota majani. Utarudi lini?"

Bibi huyo ndiye anayeonekana mkatili kwenye hadithi, lakini hesabu yake ni sahihi. Watoto wanne kweli wako peke yao. Shamba kweli limeota majani. Mama akifunga vitu vyake asubuhi na kushuka barabarani kutafuta gari, ametoa uamuzi ambao mtu yeyote mwenye akili, akiwa peke yake, angeutoa. Wataalamu wanasema mtoto akikosa wiki nne mfululizo za tiba, ameacha matibabu. Katika hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret, Kenya, watafiti walifuatilia watoto waliogunduliwa na saratani kati ya 2007 na 2009 wakakuta kwamba zaidi ya nusu waliacha. Ugonjwa wenyewe uliua wachache kuliko njia ya kurudi nyumbani. Na waliokuwa na bima ya afya walibaki hospitalini na kupona zaidi ya wasiokuwa nayo. Mapenzi ya mama kwa mtoto hayawezi kutofautiana kwa kadi ya bima.

Sasa mtoto huyo akifa. Nisamehewe kulisema wazi, lakini sote tumeliona. Habari ikifika tu, viti vinapangwa uani, turubai linatandikwa, mbabula zinawashwa, na mtu mwenye mwandiko mzuri anaketi mezani na daftari. Kila jina linaandikwa na kiasi chake. Jamaa wa Kinshasa, wa Kampala, wa Brussels, wote wanatuma kwa simu kabla ya jioni. Jeneza linapatikana, gari linapatikana, chakula cha watu mia kinapatikana. Fedha inayotoka kwa siku tatu za matanga ya mtoto mmoja ingemlipia nauli ya kwenda na kurudi hospitali kwa muda mrefu sana, na nauli ndiyo aliyoikosa.

Sitaki mtu aache kwenda matangani. Nataka tujiulize kwa nini mkono uleule unaofunguka siku ya msiba unafungwa katika mwezi wa nne wa ugonjwa, na jibu ninalolipata halihusu roho mbaya. Matanga yana tarehe. Yana orodha inayosomwa mbele ya watu. Anayetoa anajua kwamba kesho kutwa yamekwisha, na kwamba zamu yake ikifika naye ataandikiwa. Ugonjwa mrefu hauna kimojawapo. Mama anaomba mtu mmoja mmoja, kwa siri, akiwa ameinamisha kichwa; leo kwa kaka, kesho kwa bosi wa zamani, na kila anayeombwa anahisi amebebeshwa mzigo wote peke yake. Mara ya tatu hapokei simu. Mtu mwema anaweza kukata simu ya dada yake kwa sababu hajui maombi hayo yataisha lini.

Basi ugonjwa nao upewe orodha na tarehe. Vyombo tunavyo. Wakristo wa Kikatoliki wa jimbo hili wana shirika, jumuiya ndogo ya majirani wanaokutana kusali na kujuana kwa majina. Waprotestanti wana vikundi vyao, misikiti ina yake, makabila yana mitualite zake za kusaidiana, na wanawake wa soko la Kadutu wana likelemba, mchango wa kupeana kwa zamu, ambayo nidhamu yake ingeaibisha wizara yoyote. Likelemba ya watu kumi na wawili inaweza kumpa mtoto mmoja kiti cha kumi na tatu: kila mwezi fungu dogo linatoka kwa jina lake, bila mama kuja kuomba. Wasio na fedha watoe zamu. Jirani mmoja alale na watoto wanne waliobaki nyumbani Jumatatu hadi Alhamisi. Mwingine apalilie shamba Jumamosi mbili za mwezi. Bibi wa Nyangezi akikuta shamba limepaliliwa na mjukuu mkubwa amerudishwa shule, hatakuwa na neno la kumwambia mke wao, na huenda akachukua zamu yake.

Kuna jambo moja la kitabibu ambalo ningetaka kila kikundi kama hicho kilijue, kwa sababu ndilo linaloua kimyakimya kati ya dozi na dozi. Dawa za saratani hushusha askari wa damu. Katika siku hizo homa ya kawaida haipo. Mtoto akichemka saa tano usiku, vipimo vya kungojea asubuhi, majani ya kuogeshea na kidonge cha dukani vyote ni hatari. Anahitaji antibiotiki ya mshipani ndani ya muda mfupi. Fikiria sasa mama yuko Walungu, au kisiwani Idjwi ambako usiku ni mtumbwi au hakuna. Ana kipimajoto? Ana chaji kwenye simu? Ana salio la Airtel Money la kumlipa motari, dereva wa pikipiki, mapema, maana motari wa usiku halipwi kwa ahadi? Vizuizi vya barabarani atavipitaje, na nani mwanamume wa kumsindikiza? Mpango wa usiku huo hupangwa mchana, na watu zaidi ya mmoja. Ndiyo maana pia dawa kali zikianza ni bora familia ikae mjini kuliko kuongeza safari, na hapo linakuja swali la mahali pa kulala mama.

Baba yuko wapi? Swali hilo linaulizwa katika kila wodi ya watoto, kwa sauti ya hukumu. Ameshuka Kamituga kuchimba dhahabu, au anasema ameshuka Kamituga. Wengine wamekimbia kweli, na wengine wamemrudisha mke kwao wakidai ugonjwa umetoka ukoo wake. Hao sina cha kuwatetea. Lakini nimewaona pia wale wanaosimama nje ya lango la hospitali, mikono mfukoni, wakituma mtoto mkubwa aingize chakula. Wodi yetu imejengwa kwa mama. Mlinzi wa mgonjwa, garde-malade kama tunavyosema, ni mwanamke. Kitanda anachochangia na mtoto ni chake. Muuguzi akieleza dawa anamweleza yeye. Baba anaitwa siku ya bili. Mwanamume anayejulikana na hospitali kwa deni tu atajifunza kukaa mbali nayo. Apewe kazi yenye jina: yeye ndiye wa kutunza kalenda ya dozi na kwenda kuuliza kama dawa imefika. Na kuna damu. Mtoto wa saratani ya damu huongezewa damu mara nyingi, na familia huombwa ilete watoaji. Baba aliyekusanya wajomba na rafiki zake wa machimboni wakatoa damu hawezi tena kusema wodi ni mahali pa wanawake.

Watoto nao tunawaficha. Mgonjwa anaambiwa ana malaria ndogo, ndugu zake wanaambiwa yuko safarini. Mtaalamu wa Marekani Myra Bluebond-Langner alikaa wodini na watoto wenye saratani ya damu, akachapisha kitabu mwaka 1978 akionyesha kwamba walijua karibu kila kitu, pamoja na nani atakufa, na kwamba walinyamaza ili kuwalinda wazazi wao. Sioni sababu ya kudhani watoto wa Bagira ni wajinga zaidi. Wanasikia minong'ono ya usiku. Aliyebaki nyumbani naye ana maswali yake: kama ni yeye aliyemsukuma mdogo wake siku ile, kama naye atavimba, kwa nini mama hajarudi. Dakika kumi za ukweli kutoka kwa shangazi anayempenda zingemwondolea mzigo ambao mwalimu anaudhania ni uvivu.

Lakini jirani hawezi kufanya yote, na ninaogopa mtu asije akaichukua makala hii akasema: sawa, wananchi watajipanga. Bukavu ina ushahidi wake wa namna taasisi inavyoweza kuibeba familia. Hospitali ya Panzi ilipofunguliwa mwaka 1999, Daktari Denis Mukwege alifikiri anajenga mahali pa kuzalishia. Wanawake waliobakwa walipoanza kufika, upasuaji peke yake ukashindwa: mama alishonwa akapona, akatoka langoni, akakuta hana nyumba, hana kazi, hana mume. Ndipo hospitali ikaongeza mwanasaikolojia, mwanasheria, masomo ya ufundi, na nyumba ya kukaa baada ya matibabu, Maison Dorcas. Dunia ilipompa Mukwege Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, mpango huo ulikuwa umeshakuwa mfano unaoigwa mbali. Mji uliofundisha wengine kwamba kidonda hakiponi kama mwenye kidonda hana mahali pa kulala hauna haja ya kuletewa mtaalamu wa kigeni aje kuueleza habari za mama wa mtoto mwenye uvimbe wa figo.

Tanzania walifanya hivyo hivyo kwa watoto wa saratani. Dar es Salaam, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha linafanya kazi na serikali: matibabu bila malipo, masomo ndani ya wodi ili mtoto asirudi darasani akiwa amesahau kusoma, na nyumba ya kulala mzazi na mtoto kati ya dozi na dozi, inayoitwa Ujasiri. Familia ya Kigoma haiambiwi iende nyumbani siku kumi kisha irudi. Nikilinganisha wodi na wodi, siamini kwamba mama wa Kigoma ana moyo mgumu kuliko wa Mwenga.

Kwetu kuna hospitali nyingi, za binafsi na za umma, sitaji hata moja, ambazo humshikilia mgonjwa aliyepona mpaka alipe. Mama analala sakafuni juma la tatu huku bili ya chakula cha dukani ikipanda. Najua hospitali nazo zina mishahara ya kulipa na ruzuku ya serikali haionekani. Lakini yeyote aliyewahi kushikiliwa, au aliyesikia jirani yake ameshikiliwa, atafikiri mara mbili kumrudisha mtoto kwa dozi ya tano, na deni linalodaiwa kwa njia hiyo linalipwa na mtoto. Septemba 2023 Kinshasa ilizindua kujifungua bila malipo, hatua nzuri. Mtoto yuleyule aliyezaliwa bure akivimba taya akiwa na miaka sita, anarudi kuwa mteja. Saratani za watoto ni chache kulinganisha na malaria; kuziingiza kwenye huduma ya bure hakungeifilisi hazina ya nchi inayouza kobalti dunia nzima.

Dawa nazo zinakatika. Shirika la Afya Duniani na hospitali ya St. Jude ya Memphis walitangaza mwaka 2021 mpango wa dola milioni 200 wa kupeleka dawa za saratani za watoto bure katika nchi zenye uhitaji, na nchi za mwanzo zikawa Mongolia, Uzbekistan, Ecuador, Jordan, Nepal na Zambia. Zambia tunapakana nayo. Kongo ingekuwa na sauti huko kama ingekuwa na takwimu za watoto wake, na takwimu haziwezi kuwepo kama wengi wao wanafia kwa mganga wa karuho bila kuandikwa popote. Mashine ya mionzi iliyo karibu na Bukavu iko Kigali, inafanya kazi tangu 2019. Kituo cha saratani cha Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kipo tangu 2012. Kwa ramani ni safari ya siku moja kuvuka Ruzizi. Kwa mwaka tulio nao, ni safari ya hati, ya fedha za kigeni, na ya kujibu maswali ya jirani kuhusu ulikuwa unatafuta nini ng'ambo. Kuvusha mtoto mgonjwa kusihesabiwe kuwa siasa, na viongozi wa dini wa pande zote mbili za daraja la Ruzizi wangeweza kulisema hilo kwa pamoja bila kumwudhi mtu mwenye bunduki.

Wapo watakaokufa hata yote hayo yakifanyika. Kwao kuna jambo moja ambalo halina udhuru, nalo ni maumivu. Tangu 1993, Anne Merriman na Hospice Africa waliionyesha Uganda kwamba morfini ya kunywa inaweza kuchanganywa kwa maji, kwa bei ya chini, na kutolewa nyumbani. Familia iliyomwona mtoto wake akilala usingizi siku za mwisho huomboleza. Iliyomsikia akilia usiku kucha huvunjika, na mara nyingi ndoa huvunjika nayo.

Nategemea swali moja: katika mji ambao benki zake zilifungwa, wewe unatuletea habari za likelemba? Ndiyo, kwa kuwa likelemba haijawahi kuhitaji benki. Ilikuwepo kabla ya uporaji wa 1991 na wa 1993, ikavuka miaka ya noti za Zaire zisizonunua hata kiberiti, ikavuka vita vya 1996 na vya 1998. Shirika lolote la majirani linaweza kuanza katika kikao chake kijacho na mtoto mmoja, kwa miezi sita ya kwanza, kisha kuangalia. Katibu achukue daftari jipya, siyo lile la matanga, aandike tarehe za dozi upande wa kushoto na majina ya zamu upande wa kulia. Ukurasa wa kwanza uwekwe namba ya motari anayepokea simu usiku, na chini yake namba ya wa pili, maana kuna siku yule wa kwanza hatapokea.